Mfuko wa ulinzi wa mtaa umepwaya: mpunguze walinzi, mgawane usiku, mpandishe mchango, mrudi zamu au mlete kampuni?

Jumapili iliyopita baada ya alasiri tulikaa kikao cha mtaa hapa Ngamiani, Tanga, na kilichokuwa mezani ni kaunta buku moja la michango ya ulinzi, limechakaa pembe zote na kurasa za nyuma zimegandana kwa chai. Tuna kaya 140, kila kaya 3,000 kwa mwezi, kwahiyo inatakiwa iingie 420,000. Imeingia 246,000, maana yake kaya 82 tu ndo zimelipa. Walinzi wako wanne, posho ya kila mmoja 100,000, halafu kuna 20,000 ya betri za tochi, vocha na makoti ya mvua. Tunapungukiwa 174,000 kila mwezi na huu ni mwezi wa nne wazee wetu wanalipwa nusu nusu, wanakuja hivyo hivyo.

Wa kwanza kusimama akasema tupunguze wawili, watu wakapiga makofi. Wa pili akasema mchango upande uwe 5,000, wakaguna. Wa tatu akasema turudi kwenye zamu kama zamani kila nyumba itoe mtu, na wa nne akasema anaijua kampuni moja wana sare nzuri na redio za upepo. Magharibi ikaingia tukatawanyika bila kuamua kitu. Mi nikasema nitakaa nizipige hesabu zote kwa vipimo vilevile nizilete kikao kijacho, na kwa kuwa najua sio mtaa wetu peke yake umekwama hapa, nimeona niandike kabisa wengine nao wachukue.

Kabla ya yote tuelewane nani analipa nini, maana kwenye kikao watu walichanganya sana. Askari polisi wako chini ya serikali kuu, Wizara ya Mambo ya Ndani, na zimamoto nao wako huko huko wizarani, sio jiji linalowaajiri. Jiji lina mgambo wake lakini hao hawatoshi kukesha kila uchochoro. Na ile kodi ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, tangu 2021 haiji kwenye kaunta buku yetu hata shilingi. Kwahiyo huyu mzee mwenye tochi anayepita dirishani kwako saa tisa usiku analipwa na wewe, ukiacha kulipa hakuna bajeti nyingine ya kumshika.

Marekani ni tofauti, kule polisi wengi na zimamoto wanalipwa na mji wenyewe, kwahiyo mji ukiishiwa, kisu kinawafikia wao, tena kinawafikia mapema kwa sababu ndo wanaokula sehemu kubwa ya bajeti. Miji mingi ilipitia hilo baada ya mdororo wa uchumi wa 2008 na maamuzi waliyofanya ni haya haya yaliyoko mezani kwetu, ukubwa tu ndo tofauti. Nitayachomeka njiani pale yanapotusaidia.

Tupime kwa nini

Nimechagua vipimo vinne na kila chaguo litapita humo humo.

Kwanza ni pesa. Hapa usiangalie tu zitatoka ngapi, angalia na zitakusanyika ngapi baada ya watu kusikia mlichoamua, hizo ni namba mbili tofauti kabisa.

Pili ni usiku wenyewe, saa gani inabaki bila mtu. Hiki mimi nakipa uzito kuliko vyote na nitasema kwa nini. Sisi tunaokaa kwenye vikao saa nane usiku tumelala. Wanaokuwa nje kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri ni mama wa vitumbua anawasha jiko, ni mtu amebeba begi anatafuta bodaboda awahi basi la Dar stendi ya Kange, ni wachuuzi wa samaki wanaenda Deep Sea na baiskeli na ndoo, ni wazee wanaotangulia msikitini. Hao hawakuwepo kwenye kikao, na hata wanaokuwepo hawasemi. Na mwizi wa mtaani anaipenda saa hiyo hiyo, ndo anapitisha ufito dirishani anavua simu na suruali, ndo anabeba mtungi wa gesi, ndo anang'oa dira ya maji akauze chuma chakavu.

Tatu ni sheria, yaani mkimwachisha mtu mnadaiwa nini na mkimkamata mtu mnaruhusiwa nini. Nne ni uhai, mpango utafika mwezi wa sita au utakufa wa tatu.

Chaguo la 1: Kupunguza walinzi wawili

*Pesa.* Kwenye karatasi linapendeza. Wawili kwa 100,000 ni 200,000, weka ile 20,000, jumla 220,000 na tunabaki na 26,000. Ila kuna kitu hakikusemwa kwenye kikao. Mtu anayekuja kila usiku kwa maagizo yenu na mnamlipa kila mwezi, hata mkiita posho, anaweza kuhesabiwa ni mwajiriwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28, na akiwa amemaliza mwaka mzima kazini alipwe kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka aliofanya, mwisho miaka 10. Wawili waliotajwa mmoja ana miaka mitatu na mwingine mitano. Hiyo ni siku 56, karibu miezi miwili ya posho ya mtu mmoja, bado notisi, bado zile nusu tunazowadai, samahani, wanazotudai wao. Kwahiyo nafuu ya kweli haianzi mwezi ujao, inaanza baada ya miezi kama minne.

*Usiku wenyewe.* Sasa hivi wanne wamegawana, wawili barabara za juu, wawili huku chini. Wakibaki wawili kila mmoja ana upande wake peke yake. Mmoja akishikwa na homa, na mvua za masika zikianza homa zipo, nusu ya mtaa imebaki wazi na hakuna wa kumshika nafasi.

Oakland, California, Julai 2010 waliachisha askari 80 kwa siku moja. Kabla ya hapo mkuu wao wa polisi alitoa orodha ya aina 44 za matukio ambayo askari hatakuja tena mwenyewe ukipiga simu, wizi wa kawaida na kuvunjiwa nyumba vikiwemo. Wengi walimlaumu, ila mi naona kuna jambo la kuiga pale, aliwaambia watu mapema nini hakitafanyika. Sisi tukipunguza watu halafu tukawaambia wakazi kila kitu kiko vilevile tutakuwa tumewadanganya, na watagundua usiku.

Camden, New Jersey, ndo mfano mzito. Januari 2011 waliachisha askari 168, karibu nusu ya jeshi lao, na zimamoto 67. Mwaka 2012 mji ule wa watu kama 77,000 uliuliwa watu 67, rekodi yao. Sisemi ni kwa sababu ya askari kupungua peke yake, umaskini na magenge yalikuwepo tangu zamani, lakini mi sijakuta mtu aliyesema uamuzi ule ulisaidia.

*Sheria.* Nimeshasema juu. Niongeze tu, kabla ya kuwaachisha kaeni nao kikao muwaeleze sababu na namna mtakavyochagua nani abaki, sheria inataka hivyo, na hata isingetaka ni utu.

*Uhai.* Linadumu, maana matumizi yanakuwa chini ya makusanyo. Hatari yake iko kwingine, upande ambao mlinzi hafiki tena utaacha kulipa, mnarudi chini zaidi, na mwaka kesho mnajadili kubaki na mmoja.

*Linawafaa* mtaa mdogo wenye njia chache, nyumba zina uzio, taa za barabarani zinawaka kweli. Au mtaa ambao walinzi walikuwa wengi kuliko kazi toka mwanzo, wapo hao.

Chaguo la 2: Wote wanne wabaki, usiku ugawanywe

Hili halikusemwa kwenye kikao, nimeliongeza mimi. Badala ya wanne kila usiku, wanakuja wawili leo na wawili kesho, na posho inashuka.

*Pesa.* Wanne kwa 55,000 ni 220,000, na 20,000 ya vifaa, jumla 240,000, tunabaki na 6,000. Hakuna notisi wala kiinua mgongo cha kulipa sasa. Ila hapo mmewapunguzia kipato karibu nusu, na hilo halifanyiki kwa tangazo, mnakaa nao wakubali wenyewe na mnaandikiana.

*Usiku wenyewe.* Tazameni vizuri hapa. Idadi ya watu nje kila usiku ni wawili, sawasawa na chaguo la kwanza. Tofauti ni kwamba huyu wa leo jana alilala, na akiumwa kuna mwenzake wa kubadilishana naye. Halafu kuna jambo linanisumbua tangu nianze kupiga hesabu hizi, wazee wetu sasa hivi wanalinda saa 12 kwa usiku saba, hiyo ni saa 84 kwa wiki wakati saa za kawaida kisheria ni 45. Tukigawana inakuwa wastani wa saa 42. Yaani miaka yote hii tulikuwa tunawaonea na hatukuona.

Ubaya upo. Kwa 55,000 mtu haishi, atatafuta kibarua cha mchana, atabeba magunia sokoni halafu usiku atakuja kulala lindoni. Hapo inategemea kama siku zake za mapumziko zinamtosha.

Philadelphia, Agosti 2010, zimamoto walifanya kitu cha namna hii. Hawakufunga vituo, walikuwa wanavipumzisha kwa zamu, leo hiki kesho kile, ili kuokoa pesa za saa za ziada. Malalamiko yalikuwa kwamba moto hauangalii zamu, ukiwaka siku ambayo kituo chako kimepumzika unasubiri gari la mbali. Kwetu nafuu ni kwamba wawili wanakuwepo kila siku, hakuna usiku wa mtaa kuwa mtupu, ila njia lazima wabadilishe badilishe, mwizi naye anahesabu.

*Sheria.* Ni rahisi kuliko la kwanza kwa kuwa hakuna anayeachishwa, ila maandishi na saini lazima. Kuna na kipengele watu hawakijui, kazi ya usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya malipo ya msingi kwa kila saa. Mkiandikiana muiweke, na mjue itapita ile 6,000 inayobaki.

*Uhai.* Miezi mitatu, minne hivi. Ni daraja la kuvukia, sio mahali pa kukaa, wazuri wataondoka wakipata lindo la godauni.

*Linawafaa* mtaa ambao tatizo ni makusanyo yameyumba na kuna dalili yatarudi, na walinzi ni watu wenu hamtaki kuwapoteza.

Chaguo la 3: Kupandisha mchango

*Pesa.* Hesabu ya haraka, 82 kwa 5,000 ni 410,000, bado inapungua 10,000 kufika 420,000. Tunahitaji kaya 84. Watu wakasikia hivyo wakaona ni jambo dogo, wawili tu waongezeke. Lakini nani kasema wale 82 watabaki 82? Wakijitoa 15 tu inakuwa 335,000. Na upande wa pili, kaya zote 140 zikilipa ile ile 3,000 ya zamani tunafika 420,000 bila kumpandishia mtu.

Kwahiyo swali ni wale 58. Mi na katibu tuliwazungukia jioni mbili, sio wote, kama 30 hivi. Nilidhani nitasikia habari za maisha magumu na nilizisikia, yupo bibi anakaa na wajukuu watatu huyo hata 1,000 hana na sioni kwa nini tumdai. Lakini wengi walisema mambo mengine. Wapangaji wanasema hiyo ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anakaa Dar anasema ni ya wapangaji. Nyumba nne za uchochoro wa nyuma wakasema mlinzi hafiki kwao, na nilipoenda kuangalia ni kweli, kuna dimbwi la maji machafu pale halivukiki usiku. Na dada mmoja muuza genge akanitolea risiti tano amezifunga kwa raba, za mwaka juzi, akasema kaka mi nililipa, nikaibiwa dumu langu la mafuta, nikaja kuuliza hela zinafanya nini nikaambiwa njoo kikaoni, nikaja, hesabu haikusomwa. Akazirudisha kabatini. Sikuwa na la kumjibu.

Vallejo, California, iliomba mahakama kinga ya kufilisika Mei 2008. Polisi wao walikuwa 150 na kitu wakashuka chini ya 100, na vituo vya zimamoto vikafungwa. Novemba 2011 wananchi wakapiga kura kukubali kodi ya mauzo ipande kwa senti moja kwenye kila dola, na ilikuwa ya muda, miaka 10. Halafu 2012 sehemu ya pesa ile wakaachiwa wakazi wenyewe wapendekeze na wapige kura itumike kwa nini, wakawa mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo mji mzima. Mtu akiona na kugusa pale pesa yake ilipokwenda, kutoa tena sio kazi. Hapo ndo nilipomkumbuka yule dada na risiti zake.

*Usiku wenyewe.* Hakuna kinachopungua, wanne wanabaki. Kwa kipimo hiki ndo chaguo zuri kuliko yote, kama pesa itaingia.

*Sheria.* Kiwango kipitishwe na mkutano wa wakazi, muhtasari uandikwe, kila anayelipa apate risiti. Habari za kwenda kubeba sufuria au kuku wa mtu kwa sababu hajalipa achaneni nazo, mtaingia kesi nyie.

*Uhai.* Linadumu kama hesabu inasomwa kila mwezi na kubandikwa ukutani. Bila hivyo naipa miezi miwili.

*Linawafaa* mtaa wenye maduka, nyumba za kupanga zenye wafanyakazi, na kamati ambayo watu bado wanaiamini. Wakipandisha waweke na ukomo, miezi sita halafu tuangalie, na nyumba kama ya yule bibi ziondolewe kabisa kwa jina na kwa heshima.

Chaguo la 4: Wakazi wenyewe kwa zamu

*Pesa.* Ni 20,000 ya vifaa, sukari na majani ya chai, basi. Hakuna chaguo rahisi kuliko hili. Kwa mtaa wetu niliwahesabu watu wazima wenye nguvu kama 90, wakitoka sita kila usiku zamu yako inakufikia kila baada ya siku 15.

*Usiku wenyewe.* Mwezi wa kwanza utapenda mwenyewe, watu wamejaa, kuna kahawa na kashata, mpaka wasiohusika wanakuja kupiga stori za Coastal na African Sports. Mwezi wa tatu wanatokea wawili. Tuliwahi kujaribu hapa na ndivyo ilivyokwenda. Mvuvi yuko baharini, dereva yuko safarini, mwalimu ana kipindi cha kwanza asubuhi. Na wanaotokea huwa wanakesha mpaka saa saba halafu mmoja mmoja anaaga, maana wote wana kazi kesho, kwahiyo ile saa nane mpaka kumi na moja niliyoisema pale juu ndo inabaki tupu. Mwezi wa Ramadhani ni tofauti, watu wako macho mpaka daku, zamu zinakaa vizuri kabisa.

*Sheria.* Sungusungu tunazozisema zilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa zikawatambua. Kwahiyo jambo lenyewe lina miguu kisheria, mradi mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na polisi kata wanajua na wana orodha ya majina. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemkuta anatenda kosa, lakini amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumpiga hairuhusiwi.

Hili ndo linalonitia hofu kuliko yote kwenye zamu. Kuna usiku alikamatwa kijana na baiskeli ya watu, ukapigwa ukelele, dakika mbili watu 40 na matofali mkononi. Mzee wetu mmoja wa lindo, huyu huyu mwenye miaka mitano ambaye jina lake limo kwenye wa kupunguzwa, akamkalisha kijana chini ukutani akasimama mbele yake, mgongo kwa kijana uso kwa watu, tochi anaimulika chini asimpofue mtu, akawa anasema neno moja tu, "wanangu subirini, wanangu subirini", huku anapiga simu. Gari la polisi lilipofika kijana alikuwa mzima na baiskeli ipo. Mtu anayekesha mara moja kwa siku 15 hana uzoefu huo, na mkiua mtu kesi inawahusu mliokuwepo na orodha ya zamu ndo ushahidi.

*Uhai.* Mfupi, isipokuwa kuna kiongozi wa zamu anayeheshimika na faini ndogo kwa anayekosa, na anayeshindwa kutoka, mjane, mgonjwa, msafiri, anaruhusiwa kulipa badala yake.

*Linawafaa* vijiji na mitaa ya pembeni ambako watu wanajuana majina, au mtaa wowote kwa muda mfupi wizi ulipozidi.

Chaguo la 5: Kampuni ya ulinzi

Hili nitalipitia haraka sababu kwa mtaa kama wetu hesabu yenyewe inalimaliza.

*Pesa.* Bei tuliyopewa ni 350,000 kwa mwezi kwa mlinzi mmoja wa usiku, kabla ya VAT. Weka asilimia 18 inakuwa 413,000. Yaani karibu pesa yote ya kaya 140 kwa mtu mmoja. Mkiomba bei ulizeni hapo hapo ni pamoja na VAT au bado.

*Usiku wenyewe.* Mlinzi wa kampuni anakaa getini. Ukimpa vichochoro 12 vya kuzunguka, havimo kwenye mkataba wake. Faida ni kwamba akiumwa wanaleta mwingine, na wana msimamizi anayepita usiku kukagua.

*Sheria.* Hapa wanashinda. Mshahara, likizo, NSSF, kuumia kazini, vyote ni juu yao, nyie mnadaiwa ankara tu. Ila ulizeni mlinzi mwenyewe anapata ngapi, kuna amri ya serikali ya kima cha chini kwa walinzi binafsi na ofisi ya kazi watakwambia kiwango.

*Uhai.* Linaishi mpaka mwezi mtakaochelewa kulipa, wakiondoka wanaondoka wote siku moja. Kununua ulinzi nje sio jambo la ajabu, mji wa Lakewood, California, tangu ulipoanzishwa 1954 hauna polisi wake, unawalipa polisi wa kaunti ya Los Angeles. Na Camden niliyoisema, Mei 2013 walivunja jeshi lao la mji wakaingia la kaunti. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na kodi ya uhakika nyuma yao, sisi tuna kaunta buku.

*Linawafaa* wenye maduka ya jumla yaliyopangana, magodauni, nyumba za wageni, au nyumba kama sita zenye geti moja. Wanaweza kuchangia wao kwa wao na mtaa ukaendelea na mpango wake.

Kwahiyo nyie mko wapi

Kama makusanyo yameshuka ghafla ndani ya miezi michache, msiachishe mtu kwanza. Gawaneni usiku kwa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu muitumie kupita nyumba kwa nyumba na daftari wazi. Mkiona zimerudi kaya 20 au 30 mnawarudishia walinzi posho yao.

Kama makusanyo yamekuwa chini hivyo hivyo mwaka mzima na mmeshapita milango yote, basi uwezo wa mtaa ni huo, punguzeni, lakini lipeni haki zao zote kwanza, waandikieni barua ya utumishi ya kuombea kazi kwingine, na watangazieni wakazi njia zipi hazitapitiwa tena.

Kama watu wana hela na hawalipi kwa sababu hawaamini, kupandisha mchango kutawamaliza. Someni hesabu za nyuma zote hata kama zinaaibisha, badilisheni mtunza pesa kama ndo tatizo, mitandao ya simu ipo pesa iingie kwenye namba ya kikundi kila mtu aione, halafu ndo mzungumze habari ya 4,000 au 5,000.

Kama wizi umepanda wiki hizi na pesa hakuna kabisa, zamu za wakazi zianze leo, ila wekeni mlinzi mmoja mzoefu wa kulipwa kati yao kila usiku na zamu igawanywe mara mbili, kundi la mpaka saa nane na kundi la kuanzia saa nane. Hilo la pili ndo mlipangie watu wa uhakika.

Kama ni safu ya maduka na mali ya thamani sehemu moja, kampuni.

Sisi wa huku Ngamiani, mi kikao kijacho nitasimamia kugawana usiku kwa miezi mitatu, na kabla hatujampandishia mtu hata 500 lile dimbwi la uchochoro wa nyuma lijazwe kifusi mlinzi apite. Nimeongea na mama wa vitumbua pia nimwombe aje kikaoni aseme mwenyewe. Yule mzee kila saa anagonga nguzo ya taa kwa rungu, mara moja, anaendelea na njia. Mama anasema anawasha jiko akisikia ile nguzo ya saa kumi, na mwezi uliopita siku mbili hakuisikia, akakaa ndani na unga umeshaumuka mpaka kulipopambazuka.